Mpira wa Kioo cha Mbele

Tukuyu mvua haiombi ruhusa.
Inakuja saa nane mchana, kama mdai aliyezoea mlango,
na kwa miaka ishirini na mitatu iliingia ndani ya Pijo ya baba
kwa kona ileile, juu kushoto,
ikamdondokea mama gotini.

Mama alikuwa na kitenge cha kazi hiyo.
Hakikulala kabatini; kiliishi kwenye dashibodi,
kimekunjwa mara nne,
kinanuka ukungu na petroli.

Jana Anyelwisye kashuka kutoka Mwanjelwa,
mpira mpya kauviringisha begani kama chatu.
"Si wa gari hili," akasema, "ila mdomo wake ni uleule."
Mita nne na robo. Robo ni ya makosa.

Wa zamani haukutoka, ulivunjika,
vipande vigumu kama gome la mkaratusi.
Chini yake bati lilikuwa limetunza mambo:
kutu rangi ya barabara ya Masoko,
sindano ya msonobari,
mbawa nne za kumbikumbi,
na senti ishirini, mbuni wake bado anatembea.

Mama akaipokea kiganjani.
Akaigeuza. Akaigeuza tena.
"Hii ilikuwa ya sadaka," akaniambia.
"Ulilia ibada nzima."

Mimi nikapewa kromu.
Majivu, nusu ndimu, gunzi la mahindi,
na utepe mrefu uliopinda pale mbuzi wa jirani
alipopigana na mbuzi aliyemwona ndani yake.
Nikasugua mpaka kidole gumba kikakosa alama.
Ikatokea pua kwanza,
pua pana ya akina Mwandambo,
kisha jicho moja, kisha mvi
ambazo sikuwa nimezihesabu.

Kuna ujanja wa kamba.
Unaizungusha ndani ya mfereji wa mpira,
ncha mbili zikutane chini katikati,
unapaka povu la sabuni ya mche,
mmoja anasukuma kioo kwa nje, viganja vyote viwili,
kama anayemzuia mtu asitoke;
mwingine, ndani, anavuta,
na mdomo wa mpira unaruka ukingo wa bati,
unalikumbatia,
kidole kwa kidole.

Aliyevuta ni mama. Hakuombwa.
Alivua kandambili, akapanda kiti chake cha siku zote,
akavuta kama anayefumua mshono uliomchosha.
"Taratibu, mama," Anyelwisye akalia huko nje,
"kioo hiki hakina mwenzake!"
"Hata mimi," akajibu,
akavuta.

Kromu ikaingia mwisho, kwa ngumi na kipande cha mbao.
Pale pa mbuzi hatukupanyoosha.
Anyelwisye alitaka; nyundo alikuwa nayo mkononi.

Leo saa nane ilipofika tulikuwa barabarani,
tunateremka kuelekea Kiwira,
chai kulia, chai kushoto, halafu hakuna kinachoonekana.
Mkono wa mama ukapanda na kitenge hadi kona ya juu
ukakuta pakavu.
Ukabaki hapo,
kama mkono wa mtu aliyesahau alichotaka kuuliza darasani.

Ndipo na mimi nikasikia kilichokosekana.
Ile kona ilikuwa ikipiga filimbi.
Gari likishika mwendo, upepo ulipenya kwenye ufa
na kutoa sauti moja nyembamba, ya juu,
na sisi tukiisikia kutoka kwenye kona ya migomba
tulijua: teka maji, washa moto, ficha daftari la hesabu,
baba huyo.

Leo kimya.
Mvua inapapasa kioo kwa nje
kama mgeni aliyepotea nyumba.

"Limeziba," mama akasema.
"Ndaga," nikasema, nikidhani ananisifu.

Akakunja kitenge mara ya tano,
akakikalia.
Kilomita nzima hakusema kitu.
Kisha akashika mkono wa kioo cha mlango wake,
akauzungusha nusu mzunguko,
ikaingia.